Solstorm ya Åsa Larsson: mwanasheria wa kodi anapoingia kanisani kuuliza pesa

Wapenzi wa riwaya za upelelezi njooni huku, maana hiki kitabu nimekimaliza na bado kimenikaa kichwani. Kinaitwa Solstorm, mwandishi ni Msweden Åsa Larsson, kilitoka 2003 na mwaka huohuo kikachukua tuzo ya Sweden ya riwaya bora ya kwanza ya upelelezi. Kwa Kiingereza kina majina mawili, Marekani kinauzwa kama Sun Storm na Uingereza The Savage Altar, kwa hiyo ukikutana nayo yote mawili usinunue mara mbili, ni kitabu kilekile.

Stori iko Kiruna, mji wa mgodi wa chuma kaskazini kabisa mwa Sweden, kule ambako wakati wa baridi kuna wiki jua halichomozi kabisa. Kijana anaitwa Viktor Strandgård anakutwa ameuawa ndani ya kanisa, na sio kuuawa kawaida, macho yametolewa na mikono imekatwa. Huyu Viktor alikuwa maarufu sana, aligongwa na gari akiwa kwenye baiskeli, akafa akarudi, akaandika kitabu kuhusu mbinguni alikofika, watu wakaanza kumiminika na uamsho ukawaka mpaka likajengwa kanisa kubwa la vioo. Jamani sisi hizi habari tunazijua, shuhuda za kufa na kurudi, vitabu na kanda zinauzwa mlangoni, wachungaji wanapendeza, watu wanalia madhabahuni. Nilidhani nitasoma mambo ya Wazungu na theluji yao, nikajikuta niko kwenye ibada ninayoifahamu kabisa.

Sasa Rebecka Martinsson. Yeye ni mwanasheria wa kodi, yuko Stockholm kwenye ofisi kubwa ya mawakili, anafanya kazi mpaka usiku, hana muda na mtu. Sio polisi na wala kesi za mauaji sio fani yake. Ila aliyeikuta maiti ni Sanna, dada wa Viktor, rafiki yake wa zamani, na Sanna anampigia simu kwamba njoo nisaidie. Rebecka alikuwa muumini wa hilo kanisa zamani akaondoka vibaya, watu wa kule hawataki hata kumuona, na bado anapanda ndege anaenda. Bosi wake hajafurahi hata kidogo. Muda si mrefu polisi wanaanza kumshuku Sanna mwenyewe, na Rebecka anabaki na watoto wawili wa Sanna, mbwa, na mji mzima unaomkatia jicho.

Kilichonimaliza ni jinsi anavyopigana. Hapigi mtu ngumi kila ukurasa wala habebi bastola, anafanya kile anachokijua, anauliza hesabu. Kanisa linaingiza pesa, sawa, zinaenda wapi, nani anafaidika, kodi imelipwaje. Wachungaji wanaweza kumjibu kwa maandiko mchana kutwa lakini kwenye karatasi hawamuwezi, na ukishaona mwanaume mzima mwenye sauti ya madhabahuni anavyobadilika sura akiulizwa kuhusu pesa unaelewa kwa nini mwandishi alimchagua mwanasheria wa kodi. Larsson mwenyewe alikuwa mwanasheria wa kodi na alikulia Kiruna, na inaonekana kabisa, hakuna mahali anakisia.

Na ukali wa Rebecka una gharama. Anaogopa, anakumbuka vitu ambavyo hataki kuvikumbuka, kuna sehemu za zamani yake ndani ya lile kanisa zinauma kusoma (siwezi kusema, mtanichukia), halafu asubuhi anaamka anaendelea. Analala nyumba ya marehemu bibi yake kijijini Kurravaara, kuna mzee jirani anaitwa Sivving anayemjali bila maneno mengi, na hizo kurasa za kuwasha moto na kunywa kahawa nilizipenda kuliko hata za upelelezi wenyewe.

Halafu kuna Anna-Maria Mella, inspekta wa polisi, ana mimba kubwa karibu kujifungua, wamempa kazi za mezani na yeye kaingia kwenye kesi hivyohivyo. Huyu mama anastahili kitabu chake peke yake, ana akili, ana utani, mgongo unamuuma na bado anaona vitu wenzake hawaoni. Rebecka na Mella sio marafiki wa karibu, yaani hawaanzi kukumbatiana, ila kila mmoja anamuona mwenzake ni mtu wa kazi.

Kitabu kimegawanywa kwa siku, na kila sehemu inaanza kama Mwanzo sura ya kwanza, ikawa jioni ikawa asubuhi, na ukijua aya hiyo kwa kichwa basi mwili unasisimka kila ikifika.

Mapungufu yapo. Yule mwendesha mashtaka, Carl von Post, kachorwa mbaya mno, kila akitokea anawaza kamera na sifa tu, ningependa apewe hata dakika moja ya ubinadamu. Mwisho nao unakimbia, baada ya kujengewa taratibu hivyo ghafla kila kitu kinatokea kwa pamoja na kuna damu nyingi, mwenye moyo mwepesi ajiandae. Sanna atakukera pia, ila hilo silihesabu kosa, watu wa aina ile wapo, wanyonge kila siku na wengine ndio wanaobeba mizigo yao, na Larsson kamuandika sawasawa.

Ukikipenda, mfululizo una vitabu sita, cha mwisho kilitoka 2021. Cha pili, cha 2004, kinahusu mchungaji mwanamke aliyeuawa kijiji cha Jukkasjärvi hukohuko karibu na Kiruna, na kilishinda tuzo ya riwaya bora ya upelelezi Sweden. Ila tafadhali msianze na hicho hata mkikikuta kwa bei nzuri, maana Rebecka wa kitabu cha pili ni mtu aliyevunjwa na yaliyotokea kwenye hiki, na mtu akikwambia mapema nani alifanya nini pale kanisani umekosa kitu kikubwa.