Amitriptilini kwa ajili ya usingizi: wiki zangu tisa, kutoka mwalo wa Kirumba

Nimetumia amitriptilini wiki tisa sasa. Nilianza na kidonge kizima cha miligramu 25, baadaye nikashushwa hadi nusu. Naandika kwa sababu kabla sijaanza nilitafuta mtu wa kunieleza ikoje ukiimeza usiku na ukiamka nayo asubuhi, nikakosa. Niliowapata walikuwa wa aina mbili: wanaosema ni dawa ya vichaa, na wanaosema meza tu mama, utalala. Hakuna aliyenisaidia kati yao.

Nina miaka 47, nauza dagaa wakavu mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, na naishi Kitangiri. Usingizi wangu ulivunjika nilipokuwa namuuguza mama. Alikaa kwangu miezi saba akiwa hawezi kujigeuza. Kila saa 8 usiku nilikuwa naamka, namgeuza ubavu mwingine, namtandikia kitenge kikavu, napapasa nyonga na visigino kuona kama ngozi imeanza kuchubuka, kisha namnywesha maji kwa kijiko. Alipofariki tulimzika kwetu Misungwi, nikarudi mjini nikiamini nitalala wiki nzima mfululizo. Usiku wa kwanza, saa 8, macho yakafunguka. Wa pili vilevile. Nanyoosha mkono kumtafuta, nakuta godoro.

Hali hiyo ilienda zaidi ya mwaka mmoja. Kupata usingizi haikuwa shida, saa 4 nimeshalala. Shida ilikuwa hiyo saa 8. Nikishaamka ndiyo basi, nasikiliza mbwa wa jirani, nasikiliza bodaboda inavyokwama kwenye kilima, mpaka adhana ya alfajiri.

Mwanzoni nilisingizia kazi. Dagaa huvuliwa gizani: wavuvi wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, nao wanazungushiwa wavu. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika. Sisi wa nchi kavu tunaishi kwa kalenda hiyohiyo. Giza likiwa zuri mzigo unashuka kwa wingi kutoka visiwani, Ukerewe, Goziba na kwingineko, na asiyefika mwaloni saa 11 alfajiri anakuta magunia mazuri yameshapata wenyewe. Nikawa nasema ni giza linaloniamsha. Lakini mbalamwezi ikija, sina mzigo wa kuwahi, bado saa 8 niko macho. Hapo nikajua si dagaa.

Duka moja la dawa waliniuzia vidonge kumi kwenye kikaratasi. Hawakuniuliza kama nina presha, wala kama kuna dawa nyingine natumia. Kilichoandikwa ni "1 usiku", basi. Binti wa dada yangu anasoma uuguzi, nikamwonyesha. Alivichukua vyote akaniambia, "Mama mdogo, hivi humezi mpaka daktari akuone." Nilikasirika siku ile. Leo namshukuru.

Nikaenda kliniki ya afya ya akili katika hospitali moja hapa mjini. Nisiwafiche, mara ya kwanza nilifika getini nikageuza. Kwetu mtu akionekana kwenye foleni ile, kufika jioni mtaa mzima umeshampeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mara ya pili nilijitanda kanga mpaka machoni. Kwenye benchi nikakaa na mzee mmoja mwenye kisukari ambaye miguu yake inawaka moto usiku, naye alikuja kwa ajili ya dawa hiyohiyo, maana inatuliza pia maumivu ya mishipa ya fahamu. Kumbe benchi lile lina watu wa kila namna.

Daktari alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza. Alinyanyuka kidogo kwenye kiti, "Shikamoo mama," akanipa nafasi nikaeleza mpaka nikamaliza. Kisha maswali yakaanza, na hapa ndipo nilipoona tofauti na lile duka. Moyo umewahi kunisumbua? Nimewahi kuambiwa nina presha ya macho? Nakojoa vizuri? Natumia tramado au dawa yoyote ya maumivu? Pombe? Nakoroma mpaka pumzi inakatika? Akanipima presha nikiwa nimekaa, akanipima tena nimesimama. Mwisho akashusha sauti akauliza kama kuna siku niliwahi kuwaza kujidhuru. Nikamwambia kujidhuru hapana, ila kuna usiku nilitamani nisiamke. Aliacha kuandika. Tulikaa kwenye jibu hilo muda mrefu kuliko yote mengine, na akanieleza kwamba kukosa usingizi kwangu kumeshikana na huzuni, havitibiki mbalimbali.

Alichonieleza kuhusu dawa yenyewe nakieleza kama nilivyokielewa. Amitriptilini si dawa ya usingizi kwa kuzaliwa. Ni dawa ya sonona, ile huzuni nzito iliyogeuka ugonjwa, ya zamani, Marekani iliruhusiwa mwaka 1961. Usingizi ni kitu inachokuja nacho pembeni, kwa sababu inazuia histamini, kemikali ya ubongoni inayotufanya tuwe macho. Kama umewahi kumeza piritoni ya mafua ukajikuta unasinzia kwenye daladala, ni njia hiyohiyo. Kwa dozi ndogo usingizi unaonekana usiku uleule wa kwanza. Kazi yake ya sonona inahitaji wiki kadhaa, na mara nyingi dozi kubwa zaidi. Kwa hiyo asiyeona moyo umechangamka siku ya tatu asidhani kapewa dawa mbovu.

Aliniambia pia, bila kuzunguka, kwamba kwa mtu aliyekosa usingizi muda mrefu, kidonge siyo kinachotakiwa kutangulia. Kinachotangulia ni mafunzo ya kuurudisha usingizi kwenye mstari, na hayo nitafanya na sista, muuguzi wa chumba cha pili. Kidonge ni cha kunishika mkono wakati nafanya hayo. Akaniandikia vya siku 14 tu. Nikasema naishi na pilika, nipe vya miezi miwili. Akakataa kwa adabu: dawa hii ikimezwa nyingi kwa mpigo inavuruga mapigo ya moyo na inaua, hapendi ikae nyingi ndani ya nyumba. Wenye watoto sikilizeni hapo. Vidonge ni vidogo, vina rangi, mtoto anaona pipi. Vyangu nimevifungia kwenye sanduku la bati ninalowekea pesa za mzigo, ufunguo uko shingoni.

Bei haikunisumbua. Vya wiki mbili sikufikisha bei ya sato mmoja wa kawaida.

Usiku wa kwanza nilimeza saa 4, nikiwa kitandani. Kwa nusu saa sikuona kitu. Kisha mwili ukawa mzito kuanzia miguuni, si kama kulewa, ni kama umefunikwa gunia lenye dagaa hadi kifuani. Nikashtuka kumekaribia kucha. Saa 8 imepita sijaiona! Nilikaa kitandani nikalia, maana mara ya mwisho kupitiliza saa ile mama alikuwa bado anatembea.

Furaha ile ilidumu mpaka nilipofika kazini. Siku za giza zilikuwa zimeanza. Saa 11 nilikuwa mwaloni nimesimama, lakini kichwa kimebaki Kitangiri. Mteja wangu anayepeleka mzigo Kongo alichukua magunia 14. Nilihesabu mwenyewe, nikagonga kila gunia kwa kalamu kama kawaida yangu, nikaandika, na nikapokea pesa ya magunia 13. Niligundua saa 5 mchana, kichwa kilipofunguka. Yule bwana ni mwaminifu, nilipompigia alikiri akatuma. Lakini miaka 19 ya biashara sijawahi kukosea hesabu ya magunia. Na mtu anayeendesha bodaboda au anayepanda boti na uzito ule wa asubuhi, namwogopea.

Siku ya nane nikarudi. Daktari alinifanyia mambo mawili. Alinishusha hadi nusu kidonge, na akanihamishia saa ya kumeza: badala ya saa 4 kitandani, nimeze saa 1 usiku, mara baada ya chakula. Alisema dawa inachukua saa kadhaa kufika kileleni kwenye damu, sasa nikimeza saa 4 kilele kinanikuta usiku wa manane na mkia wake unaburuza hadi asubuhi. Hilo la saa ndilo lililonifaa kuliko kitu chochote. Ndani ya siku nne nikawa naamka saa 10 na nusu, nanawa uso, nipo. Uzito haujaisha kabisa, ila ni wa dakika ishirini, unaondoka na chai ya tangawizi.

Ile nusu ina vituko vyake. Nakikata kwa kisu juu ya sahani, na upande uliokatwa ukigusa ulimi ni uchungu usio na mfano, kisha ulimi unakufa ganzi kama umeng'atwa na siafu wakaondoka. Binti yangu alinifundisha kukificha kwenye kijiko cha uji mzito. Wiki hizi zote nafanya hivyo.

Madhara mengine. Mdomo unakauka. Usiku naweka chupa ya maji pembeni, na mchana nikipiga bei na wateja ulimi unagandia juu, inabidi ninyamaze ninywe kwanza. Choo kilikuwa kigumu wiki tatu, mapapai na matembele yakanisaidia. Kizunguzungu nilikipata nikinyanyuka ghafla kwenda chooni. Mara moja nilishika ukuta nikateremka nao mpaka chini. Tangu hapo nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, nahesabu mpaka thelathini, ndiyo nasimama. Na nimeongezeka kilo 3. Hamu ya kula imerudi kwa fujo, hasa usiku, ugali na dagaa ninaowauza mwenyewe. Kwangu niliyekonda msiba mzima si hasara, lakini mwenye uzito wa kumsumbua amweleze daktari mapema.

Nimesema mengi kuhusu kidonge na machache kuhusu sista, na si haki. Alinipa daftari la kurasa 40. Kila asubuhi naandika nimepanda kitandani saa ngapi, nimelala saa ngapi kwa makadirio, nimeamka mara ngapi. Akanipa sheria ambayo mwanzo niliona ni ya kunitesa: nikiamka saa 8 nikakaa kama robo saa sijalala, nitoke kitandani. Nisigaegae. Nikakae kwenye kiti sebuleni, taa hafifu, nifanye kitu kisicho na haraka, nirudi usingizi ukija. Na asubuhi niamke saa ileile, iwe giza iwe mbalamwezi, niwe nimelala au sikulala. Mimi nilizoea mbalamwezi ikija nafidia, nalala mpaka saa 3 asubuhi. Akasema hapo ndipo ninapojiharibia. Usiku kadhaa nilikaa kwenye kile kiti nachambua mchele. Siku moja nikajikuta nimechambua kilo mbili huku namwongelesha mama. Nilimwambia sista. Akasema ongea naye, lakini ongea kwenye kiti, kitanda kiache kiwe cha kulala. Tangu hapo kile kiti ni cha mama.

Wiki ya sita daftari lilionyesha usiku watano kati ya saba sikuamka saa 8 kabisa, na siku mbili zilizobaki niliamka nikarudi kulala ndani ya dakika kumi. Ni kidonge au ni kiti? Nadhani kidonge kilinipa nguvu ya kuanza, na kiti ndicho kinachonibakiza.

Mkiniuliza nyota, usiku naipa dawa hii nne kati ya tano. Asubuhi mbili kwa kidonge kizima, tatu na nusu kwa nusu kinachomezwa mapema. Daktari na sista nawapa tano, pamoja na kwamba foleni ilinila muda wa saa nne mara ya kwanza. Kwa mtu anayeamka kama mimi katikati ya usiku, na ana huzuni iliyokaa, ningemwambia akaiulizie. Kwa mzee mwenye tezi dume, mwenye ugonjwa wa moyo au anayekunywa pombe kila jioni, asiazime ya jirani hata siku moja. Mwenzangu mmoja mwaloni ameshaniomba nimgawie viwili. Nilimnyima, akanuna siku tatu, na juzi nimemsindikiza mwenyewe hadi kwenye lile benchi.

Tumekubaliana sitaiacha kwa ghafla, maana ukikata mara moja usingizi unaweza kuvurugika upya, na kichefuchefu na kichwa kuuma vikaja juu yake. Nimebakiwa na nusu kumi na moja kwenye sanduku la bati. Jumanne narudi na daftari langu, na yakionekana mazuri tutaanza kuruka siku moja moja wakati wa mbalamwezi, nisiwe na mzigo wa kuwahi, kabla giza lingine halijaingia.