Spinaka ya kawaida au asimetriki kwenye resi za handikapu (boti tofauti hushindana na muda wao unasawazishwa)?

Mi kwa boti nzito nachagua spinaka (tanga kubwa la mbele la upepo wa nyuma) ya kawaida, ile yenye pande mbili sawa na mti wa kuisukuma nje kutoka mlingotini, maana inashuka na upepo karibu moja kwa moja hadi kwenye boya, asimetriki, ile yenye pande zisizo sawa, itakulazimisha ukate kona njia irefuke na saa haikungoji. Ila upepo ukishuka chini ya noti 6 hivi mambo yanabadilika: kamba ya tanga ikianza kulegea mkononi geuza omo kidogo kuelekea upepo mpaka ikaze tena, na hapo asimetriki nyepesi inajaa haraka zaidi. Boti nyepesi? Asimetriki tu. Halafu pimeni kabla ya kushona, IRC (mfumo mmojawapo wa handikapu) inataka upana wa katikati ufike asilimia 75 ya ule wa chini ndo ihesabiwe spinaka.