Darubini ya 10x50 Kilimanjaro: uzoefu wangu

Nimeitumia darubini hii ya macho mawili nikipanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho. Kwa nyota za mlimani, beba hii na teleskopu iache nyumbani. Uzito wake unakaribia kilo moja, inakuza mara 10, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50. Gawa 50 kwa 10 unapata 5, yaani mwanga unaotoka kuingia jichoni una upana wa milimita 5. Mboni za wengi waliovuka miaka 40 hazitanuki sana kupita hapo, ndiyo maana 7x50 (50 kwa 7, milimita 7 hivi) inayosifiwa madukani kuwa "ya usiku" humwagia wengi wetu mwanga nje ya mboni.

Pa kuitumia ni kambi ya Shira 2, mita 3,850 hivi. Usingoje kambi ya Barafu. Kule, mita 4,673, hewa ni nyepesi na anga ni safi zaidi, ila jicho ndilo linaloshindwa: seli zinazoona gizani hula oksijeni nyingi, na ikipungua huzembea mapema. Jaribu mwenyewe. Kazia macho kipande cha anga chenye nyota hafifu, vuta pumzi ndefu kama kumi hivi. Nyota ambazo hazikuwepo zitachomoza, kisha zitafifia ukirudi kupumua kawaida. Mauna Kea kule Hawaii ni hivyo hivyo: kilele kina mita 4,205 na darubini kubwa za wanasayansi, lakini kwa macho matupu mgeni huona vizuri zaidi akiwa kituo cha wageni, mita 2,800 hivi. Tena Barafu utatakiwa ulale mapema, maana safari ya kileleni huanza usiku wa manane.

Tarehe ina uzito kuliko kifaa. Makundi mengi hupanga kupanda mwezi mpevu ili njia ionekane. Wewe panga wiki ya mwezi kuandama. Kaa gizani dakika 30 bila taa nyeupe, ukilipa mgongo hema la chakula, maana taa yake ikikupiga mara moja unaanza upya. Taa ya kichwani iwe nyekundu, tena hafifu.

Julai, saa mbili usiku, Msalaba wa Kusini umeinamia kusini magharibi. Juu yake kidogo kuna Omega Centauri, lundo kubwa la nyota ambalo kwa macho ni kama nyota moja yenye ukungu. Kwenye 10x50 linakuwa donge la duara lenye kiini kinachong'aa, ingawa nyota zake hazitengani. Saa nne mkia wa kundinyota la Nge uko juu upande wa kusini, na pembeni yake kundi la M7 linajaa nyota moja moja. Hapo ndipo pesa yako inaporudi. Ukiamka saa kumi alfajiri, Kilimia kimeshapanda mashariki juu ya bega la kilele cha Kibo: kwa macho unahesabu sita, kwenye darubini makumi.

Tatizo kubwa ni mikono. Ukihema kwa sababu ya mwinuko, nyota zinachora minyoo. Kwa nyota za chini, simamisha fimbo ya kupandia, shika kichwa chake pamoja na darubini. Kwa za utosini lala chali kwenye godoro la sponji, viwiko juu ya koti lililokunjwa.

Kasoro zake sasa. Gurudumu la kulenga hukaza baridi ikishuka chini ya sifuri, kwa kuwa grisi inaganda. Lenga mapema, halafu usiliguse. Haikujazwa naitrojeni, gesi kavu inayozuia ukungu ndani, kwa hiyo ukiiingiza hemani ikiwa baridi inashika ukungu hadi ndani, ambako kitambaa hakifiki. Ifungie nje kwenye mfuko usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo, ndipo uingie nayo, na usiufungue mpaka asubuhi. Usipumulie lenzi za machoni, pumzi inageuka barafu. Na usiiweke kwenye mzigo wa mpagazi: prizimu, yaani vioo vya ndani vinavyopinda mwanga, zikigongwa zinahama, kila nyota inakuwa mbili, na kichwa kitakachokuuma utadhani ni cha mwinuko.

Naipa nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa hiyo naitrojeni.