Deki nyekundu ya Pauper kwa bajeti ya kubana: uzoefu wangu, Dodoma

Deki ninayoisema hapa si ile ya kupiga sakafu. Ni fungu la kadi 60 za Magic: The Gathering, mchezo wa kadi wa kupigana mpaka mmoja aishiwe uhai, na pembeni yake kadi 15 za akiba zinazokaa benchi zikisubiri mchezo wa pili wa mechi ileile. Ni deki ya moto, nyekundu tupu, ya fomati (aina ya mashindano yenye kanuni zake za kadi) inayoitwa Pauper. Nimeichezea vya kutosha kujua inabana wapi na inaachia wapi, na kama huna duka la kadi jirani wala hela ya kuchezea, ndiyo ningekushauri uanze nayo.

Pauper inakubali kadi yoyote iliyowahi kuchapwa kwa ngazi ya kawaida, yaani ile ya chini kabisa kwa uadimu, isipokuwa chache zilizofungiwa, basi. Kadi adimu za bei mbaya haziingii mezani, za kwako wala za mwenzako. Tangu 2019 Wizards of the Coast, kampuni inayotengeneza mchezo huu, wameifanya fomati rasmi, yenye orodha moja ya kadi halali kwa wa karatasi na wa mtandaoni. Ukishika kadi mkononi angalia alama ya seti (toleo ambalo kadi ilitoka) upande wa kulia, chini ya picha: nyeusi ni ya kawaida, ya fedha ni ngazi inayofuata, ya dhahabu ni adimu. Usiitupe kadi kwa sababu alama yake ni ya fedha, maana Lightning Bolt imechapwa kwa ngazi zote mbili, na nakala yoyote ni halali ilimradi jina hilo liliwahi kutoka kama kadi ya kawaida.

Hela ya wengi inapotelea kwenye pakiti zilizofungwa, ambazo hujui ndani kuna kadi gani. Pakiti ya sasa ina kadi 14, na za kawaida humo ni sita au saba. Seti moja ina kadi za kawaida kama 80. Kwa hesabu hiyo kadi moja unayoitaka inajitokeza kwa wastani kila baada ya pakiti 12 hivi, na wewe unazihitaji nne. Ni karibu pakiti 50 kwa jina moja tu! Halafu Fireblast ilitoka mara ya kwanza 1997. Katika pakiti mpya unaweza kufungua mpaka vidole viote sugu usiione. Nunua kadi mojamoja, kwa majina. Pakiti waachie watoto wa Krismasi.

Hii ndiyo orodha ninayoitumia. Lightning Bolt 4, Chain Lightning 4, Lava Spike 4, Rift Bolt 4, Skewer the Critics 4, Fireblast 4. Hizo ni 24 za kupiga moja kwa moja. Za kuongeza kadi ni Reckless Impulse 4 na Wrenn's Resolve 3. Viumbe ni Thermo-Alchemist 4, Kessig Flamebreather 4 na Ghitu Lavarunner 4. Ardhi, yaani kadi zinazotoa nguvu ya kulipia nyingine, ni Mountain 17. Jumla 60.

Hesabu yake nyepesi. Mpinzani anaanza na uhai 20, na kadi nyingi za kupiga zinatoa 3, kwa hiyo saba zinammaliza na chenji inabaki. Ukianza wewe, kufikia zamu ya nne umeshaona kadi 10, na kwa wastani saba si ardhi. Kinachobana ni mana, ile nguvu inayotoka kwenye ardhi: kwa zamu nne unapata 1, 2, 3 na labda 3 tena, haitoshi kuzicheza zote. Hapo ndipo Fireblast inapolipa kodi yake, kwa kuwa unatoa sadaka Mountain mbili badala ya mana na anapigwa 4. Iweke ya mwisho kabisa, isipokuwa una hakika inamaliza kazi, kwa sababu ukishachoma ardhi zako mbili mapema na yeye akabaki na uhai 2, utakaa unamwangalia anavyojenga. Na usidanganyike kuingiza Great Furnace eti ni ardhi nyekundu. Inatoa mana nyekundu lakini si Mountain, Fireblast haiitambui.

Mpangilio wa kucheza ndio unaotofautisha anayejua na anayebahatisha. Zamu ya kwanza, weka Mountain, lipa mana moja uiweke Rift Bolt pembeni. Zamu ya pili, kabla hata hujaokota kadi, inatoka yenyewe bure na kupiga 3. Kwa kuwa mpinzani ameshapoteza uhai zamu hiyo, Skewer the Critics inashuka kutoka mana tatu hadi moja: 3 nyingine. Mana iliyobaki, Lightning Bolt. Zamu ya pili haijaisha na yupo kwenye 11. Sasa mtu akianza na Skewer kabla ya kumjeruhi mpinzani, atalipa mana tatu kamili, na nimeona kosa hilo likirudiwa na watu wanaocheza karata za kawaida kama wamezaliwa nazo.

Thermo-Alchemist naye ana adabu zake. Ukimlaza, yaani ukiigeuza kadi yake upande, anampiga mpinzani 1; kila ukicheza kadi ya kupiga, anainuka tena. Kwa hiyo mlaze kwanza, halafu cheza kadi, halafu mlaze tena. Ukicheza kadi angali amesimama, kuinuka kwake kumepotea bure, na pointi hizo mojamoja ndizo unazokuja kuzilia mwishoni. Zamu anayoingia hawezi kulala, huo ni ugeni wa viumbe wote wasioandikwa uwezo wa haraka (haste). Reckless Impulse na Wrenn's Resolve zicheze kabla ya kuweka ardhi ya zamu hiyo. Zinakufunulia kadi mbili za juu, na ukikuta Mountain humo uiweke papo hapo badala ya ile ya mkononi. Zote mbili zinabaki wazi kwako mpaka mwisho wa zamu yako inayofuata.

Kuhusu idadi ya ardhi, wengi wanaoanza wanaweka 20 kwa woga. Ukiwa na 17, mkono wa kwanza wa kadi saba unakuja na ardhi moja au bila hata moja karibu mara 35 katika 100. Ukiwa na 20, inashuka hadi 25 hivi. Inaonekana 20 ni salama, lakini kila Mountain ya tano na ya sita mkononi mwa deki hii ni kadi mfu. Mimi nabaki 17, na mkono usio na ardhi narudisha bila huruma: unachanga upya, unaokota saba, unaweka moja chini ya fungu. Mkono wa ardhi moja nauweka pale tu ninapocheza wa pili na kadi zilizobaki karibu zote ni za mana moja.

Kabla hujaagiza hata kadi moja halisi, chapa deki nzima steshenari uijaribu. Sheria inaeleweka: kwenye mashindano yanayotambuliwa rasmi kadi za kuchapa hazikubaliki, na kumuuzia mtu kama halisi ni wizi. Kwa mazoezi ya nyumbani hazina shida. Kadi ina mm 63 kwa 88. Ukurasa wa A4 unabeba tisa, tatu kwa tatu. Mountain usizichape, andika kwa kalamu. Zinabaki kadi 58 pamoja na za akiba, yaani kurasa saba. Kwa bei niliyolipa mimi, shilingi 500 ukurasa wa rangi, ni 3,500. Nyeusi na nyeupe inatosha kabisa kwa sababu unachohitaji ni maandishi yasomeke.

Kinachoharibika hapo ni kimoja, na kinaharibika karibu kila mara: kijana wa steshenari anaacha mashine ipunguze ukurasa ujae ndani ya karatasi, kadi zinatoka mm 60 au chini. Mwambie achape kwa asilimia 100, atoe ukurasa mmoja kwanza, uweke rula juu yake. Ukiona 63, aendelee. Kata kwa kikatio cha mkono, siyo mkasi. Usilaminishe, zinateleza na kunenepa mpaka hazichangiki. Weka kipande cha karatasi ndani ya kifuko pamoja na karata ya kawaida nyuma yake ili kiwe kigumu. Za dukani zipo za upana wa mm 57 na za mm 63. Unataka za 63, kwa hiyo rula ibaki mfukoni. Pakiti mbili za karata zinatosha kadi 75. Zingine zikiwa na karata nyuma na zingine hazina, vidole vitazitambua wakati wa kuokota, na mchezo umeshaharibika.

Vifuko vya kadi ndiko ambako singebana hela. Nunua vya mm 66 kwa 91, pakiti ya 100, vyenye mgongo usioonyesha. Vile vidogo vya mm 62 kwa 89 vimetengenezwa kwa mchezo mwingine wa kadi, Yu-Gi-Oh!, kadi ya Magic inaingia kwa kulazimishwa na kutoka imepinda pembe. Vile vyepesi vinavyoonyesha pande zote vinapasuka mshono baada ya kuchanga siku chache. Na hapa kwetu kuna vumbi. Kuanzia Juni upepo ukianza, chembe za mchanga zinaingia kwa juu ya kifuko na kila ukichanga zinasugua uso wa kadi kama msasa. Futa meza kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ikauke, tandika kitenge. Barazani au chini ya mwembe usicheze bila kitu kizito juu ya fungu. Uhai hesabu kwa kalamu na karatasi, kete zinapinduliwa na upepo na ugomvi unaanza.

Kadi za kung'aa ziache hata ukipewa kwa bei ileile. Zina utando usoni usiobadilika, huku karatasi ya nyuma ikinywa na kutoa unyevu wa hewa. Kadi ikitoka Dar yenye joto la bahari ikaja kwenye ukavu wa Dodoma, karatasi inasinyaa na kadi inajikunja kuelekea mgongoni. Fungu likiwa na nne za hivyo katika 60, ukikata unakatia palepale zilipo. Mwamuzi mkali atakuhesabia kuwa umetia alama kadi zako.

Kupata kadi halisi ni sehemu inayohitaji subira. Masoko makubwa ya kadi mojamoja ya Ulaya na Marekani yanahudumia zaidi watu wa huko, kwa hiyo njia ya uhakika ni kuagiza ziende kwa ndugu au rafiki aliyeko kule, akija azibebe. Kadi 75 zina uzito wa gramu 135 hivi, hakuna msafiri atakayekunja uso. Agiza zote kwa muuzaji mmoja au wawili, maana kwa kadi za senti, nauli ya bahasha ndiyo inayokula bajeti. Kuna muuzaji aliyeniletea Chain Lightning tatu badala ya nne, na kufuatilia hiyo moja kuligharimu kuliko kadi yenyewe. Mwombe atakayepokea azihesabu mara tu bahasha inapofika. Kabla ya kulipa pitia orodha rasmi ya marufuku. Monastery Swiftspear, iliyokuwa mguu wa deki nyekundu, ilifungiwa Desemba 2023.

Udhaifu upo. Weather the Storm, kadi ya deki za kijani, ikichezwa baada ya wewe kumwaga kadi tatu, mpinzani anarudishiwa uhai 3 kwa kila kadi iliyotangulia zamu hiyo na 3 za kwake, kazi yote inafutika. Dhidi ya kijani, piga kadi mojamoja kwa zamu, usirundike. Deki ya bluu ina Hydroblast ya mana moja inayozima chochote chekundu. Ndiyo maana benchi langu lina Pyroblast 4, Smash to Smithereens 4 kwa deki za vyuma, Relic of Progenitus 3 kwa wanaotegemea makaburi (rundo la kadi zilizokwisha kutumika au kufa), na Searing Blaze 4 kwa wenye viumbe wadogo. Searing Blaze sianzi nayo kwa kuwa mpinzani asiye na kiumbe anaifanya karatasi tupu. Ukiuziwa Red Elemental Blast kwa bei ya chini kuliko Pyroblast, fikiri kwanza. Ile inahitaji shabaha ya bluu. Pyroblast unaweza kuielekeza popote, hata isipofanya kitu, ili tu Thermo-Alchemist ainuke na Flamebreather apige 1.