Kununua CD4 ya maabara Uganda: ipi kwanza, ipi mwisho

Ukitaja CD4 hapa Entebbe, wengi huwaza ile hesabu ya kliniki: "CD4 zako ngapi?" Mimi naongelea protini yenyewe, kile kipokezi kilicho juu ya seli za kinga ambacho VVU hukishika kwa gp120 yake, yaani protini iliyo juu ya kirusi. Hutengenezwa kwa kupandikiza jeni ya binadamu kwenye seli za kufugwa, husafishwa, huuzwa kwenye vichupa. Ni ya utafiti tu, si dawa. Anayepima kingamwili zinazozuia VVU kushika CD4 huihitaji.

Ya kwanza kwangu ni sehemu nzima ya nje ya seli, yenye vipande vinne D1 hadi D4, kutoka seli za HEK293, yenye mkia wa histidini (kishikizo kifupi cha kuisafishia), na iwe kavu. Seli hizo chanzo chake ni figo ya binadamu, kwa hiyo protini hujikunja inavyotakiwa na kupata minyororo yake miwili ya sukari, mmoja D3, mwingine D4. Ile ya CHO, yaani seli za hamsta, naiweka palepale. Ikiwa nafuu, chukua.

Neno kavu nalisisitiza. Protini ya majimaji iliyogandishwa husafiri na barafu kavu (kaboni dioksidi iliyoganda, ambayo hugeuka gesi na kwisha), na barafu hiyo haingoji forodha. Sisi mzigo ulitua Ijumaa jioni, karatasi moja ikiwa na kosa; Jumatatu tukakabidhiwa boksi lenye joto la chumba. Muuzaji akajibu kwamba yeye alituma salama, basi. Unga uliokaushwa kwenye baridi huvumilia safari vizuri zaidi. Hata hivyo mwulize muuzaji kwa maandishi: siku ngapi, joto gani?

Ya pili ni CD4 iliyounganishwa na Fc, yaani kipande cha mkia wa kingamwili. Molekuli zake hukaa mbilimbili, hivyo hung'ang'ania gp120 kwa nguvu, na ishara hutoka kubwa. Kubwa mno wakati mwingine. Ukipima sampuli za damu kwa kingamwili ya pili inayotambua IgG ya binadamu (aina kuu ya kingamwili za damu), itaikamata hiyo Fc pia, na kila kisima cha sahani yako ya ELISA, kipimo kinachosomwa kwa rangi, kitageuka rangi, hata kile kisicho na sampuli. Kama lazima uwe na Fc, tafuta ya panya.

Ya tatu ni iliyokwisha kubandikwa biotini, molekuli ndogo ya kuinasia protini kwenye kipimo. Ghali, lakini inakuokolea siku nzima ya kazi. Ukitaka kubandika mwenyewe, hakikisha kichupa hakina albumini (protini ya kujazia) wala bafa ya Trisi, maana biotini ya kawaida ya kubandika hunasa kwenye amini (kundi la kemikali lenye nitrojeni) yoyote inayoikuta.

Ya mwisho ni ya bakteria, E. coli. Bei inavutia. gp120 hushika D1, ambayo haina sukari, kwa hiyo kimsingi ingefaa. Shida ni madaraja ya salfa yanayoshikilia umbo la protini, ambayo bakteria mara nyingi hushindwa kuyafunga sawasawa. Usiiweke kwenye seli hai kabla ya kusoma kipimo cha endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria), la sivyo monosaiti zako, aina ya seli nyeupe za damu, zitachachamaa kwa sababu ya uchafu wa bakteria nawe udhani ni CD4. Anayetafuta fuwele za kusoma umbo la protini ndiye pekee ningemshauri aanzie hapa.

Kwa zote, dai jedwali la ubora la bechi yako hasa, lenye picha ya jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa na mchoro wa kushikana na gp120. Usafi wa asilimia 95 kwenye jeli hauthibitishi kwamba protini inafanya kazi.

Kichupa kikifika kitaonekana kitupu. Msaidizi wetu mmoja nusura akitupe. Kizungushe kwanza kwenye sentrifuji, fungua, weka maji ya maabara yasiyo na vijidudu polepole bila kutikisa, kisha gawa kwenye mirija midogo ya matumizi ya siku moja na uweke friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Usiiweke yote kwenye friza moja, hata kama jenereta yenu ni mpya.