Lenzi ya Jicho kwa Mshona Viua: Huduma ya Kliniki Moja ya Macho Mjini Unguja

Mamkubwa wangu, mkaazi wa Ng'ambo, ameshona kofia za viua, yaani zenye vitobo vidogo vya kudarizi, kwa zaidi ya miaka 40, na katika kazi hiyo macho ndiyo mtaji. Alipopata mtoto wa jicho katika macho yote mawili nilimpeleka kwenye kliniki ya binafsi hapa mjini. Nilikuwa naye tokea kipimo cha kwanza hadi miadi ya mwisho, na naandika niliyoyaona kwa ajili ya wanaojiandaa kuwapeleka wazee wao.

Kilichonipendeza zaidi ni upimaji. Kabla ya kuchaguliwa lenzi ya bandia, inayowekwa badala ya ile ya asili iliyoingia ukungu, mpimaji alipima mviringo wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma, akarudia mara tatu, na kila Mamkubwa alipopepesa alianza upya bila ya kunung'unika. Nasomesha fizikia, kwa hivyo nilimwelewa: kosa la milimita 1 tu katika urefu huo huleta kosa la takriban dayopta 2.5 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), na mtu aliyekusudiwa kuona mbali anaweza kuishia kuona vizuri sentimita 40 tu mbele yake.

Upasuaji wa jicho la kushoto ulikwenda salama, na bandeji ilipotolewa asubuhi yake Mamkubwa aliwasomea wauguzi kibao cha daladala iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Shida ilianza nyumbani. Aliposhika sindano, uzi haukuingia. Tundu la kiua lilikuwa ukungu mtupu. Alikuwa amewekewa lenzi ya umbali mmoja, iliyokokotolewa kwa kuona mbali kama ilivyo kawaida, na hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Hilo nalihesabu kuwa kosa kubwa la kliniki hii, na niliwaambia wenyewe.

Daktari hakukasirika. Alikaa nasi kwa muda mrefu, akaeleza kwamba misuli inayoizunguka lenzi ya asili inapojikaza, nyuzi zinazoishikilia hulegea na lenzi hufura ili tuone karibu. Mtoto mdogo hupata zaidi ya dayopta 10 kwa njia hiyo. Mtu wa miaka 60 hana karibu chochote. Lenzi ya bandia ya kawaida haifuri kabisa. Nikamuuliza habari za zile zinazosemekana kurejesha uwezo huo. Alisema waziwazi kwamba wao hawana, kisha akanitajia Crystalens, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, ambayo ina bawaba ili isogee mbele misuli inapofanya kazi.

Tulichukua karatasi tukakokotoa. Lenzi ya dayopta 20 ikisogea milimita 1 nzima, jicho hupata kidogo zaidi ya dayopta 1, ilhali kushona kwa umbali wa sentimita 40 kunataka 2.5. Tena ule mfuko mwembamba unaoishikilia lenzi hukakamaa baada ya upasuaji, kwa hivyo hata milimita hiyo haipatikani kirahisi. Wapo waliobuni lenzi mbili kwa pamoja, ya mbele ikiwa na nguvu kubwa na ya nyuma ikiipunguza, ili mwendo uleule uzae zaidi. Hesabu yake inavutia, lakini mfuko ni uleule.

Kwa jicho la pili daktari aliuliza mwanzo kabisa: "Bibi, kazi yako hasa ni ipi?"

"Nashona viua, mwanangu. Kofia naishika hapa." Akainua mikono mbele ya kifua.

Daktari akapima kwa utepe kutoka jichoni hadi vidoleni: sentimita 40. Lenzi ya kulia ikachaguliwa kwa umbali huo, baada ya onyo kwamba macho mawili yenye kazi tofauti humpunguzia mtu uwezo wa kukisia kina, hasa kwenye ngazi.

Bei waliyotutajia mwanzo ndiyo tuliyolipa. Kadi ya kumbukumbu ya lenzi, ambayo kila mgonjwa anapaswa kuihifadhi, tulipewa baada ya kuidai mara mbili, na hilo walirekebishe.

Sasa ni wiki ya sita. Ngazi Mamkubwa anashuka kwa kushika ukuta, miwani anaivaa usiku tu, na uzi anautunga mwenyewe.