Valvu au dijitali? Kwanza nirudishiwe elfu kumi yangu

Mama mzaa chema alikuwa amebakiza hatua tatu tu. Noti ya elfu kumi kaishika juu, mpya, bado inasimama yenyewe, kiuno kinafuata sebene, na macho yake yako kwangu. Siyo kwa mwimbaji, siyo kwa mpiga kinanda. Kwangu mimi, mpiga gitaa la solo. Hapo ndipo amplifaya yangu ya kidijitali ilipoamua kuzima.

Na haikuzima kwa adabu. Ilikata ghafla, kataa kekundu kakawa kanapepesa, kisha ikaanza kujiwasha upya taratibu kama simu iliyodondoka chooni. Sekunde kumi na tano hivi. Mtu asiyepiga muziki hajui sekunde kumi na tano ni ndefu kiasi gani wakati unatunzwa. Mama akasita, akanitazama kama mtu aliyefika dukani akakuta limefungwa, akageuka, akaibandika ile noti kwenye paji la uso la mpiga kinanda.

Halafu mashine ikarudi. Ningeomba isirudi. Sauti safi niliyokuwa nimeipanga ilikuwa imepotea, ikajiwekea ile ya kwanza kwenye orodha yake, ya roki, ya kukwaruza, na mimi huku mikono bado inapiga. Ukumbi mzima pale Tabata ukasikia kitu kama msumeno unakata bati. MC akanyakua maiki: "Jamani, nani kaingiza trekta?" Watu wakacheka. Bwana harusi akacheka. Mpiga besi wetu, mtu niliyempigia bega miaka yote, naye akacheka.

Sasa vijana wa kwaya na wa bendi ndogondogo hunipigia simu: kaka, ninunue amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama za redio za zamani, au hizi za kisasa za kidijitali zinazoiga sauti yake? Usiku ule mtu angeniuliza ningemjibu maneno ambayo hayaandikiki.

Niseme ukweli, ya valvu ninayo. Niliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama Masaki, anauza kila kitu hadi mapazia. Ni ya Marekani, inataka volti 120, sisi huku tuna 230, kwa hiyo inatembea na transfoma yake ya kushusha umeme, zito kama tofali la bloku. Amplifaya yenyewe ni kilo ishirini na ushee. Bodaboda wa Sinza wananijua. Wakiniona nimesimama nayo getini wanageuza pikipiki. Bajaji anakuja, anaitazama, anauliza, "Bosi, hilo friji linaenda wapi?" Na kumbi za harusi za mji huu, sijui nani alizichora, nusu yake ziko ghorofani na lifti imeandikwa "mbovu" kwa kalamu ya wino.

Lakini sauti! Ukiigusa kidogo inanong'ona, ukikaza kidole inapaza, na hapo katikati kuna kitu inakifanya, inaibana noti kidogo halafu inaiachia, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuimba. Nikiwasha sebuleni usiku na taa nimezima, naona zile valvu mbili kubwa zinawaka rangi ya kaa la moto nyuma ya wavu, na joto lake nalisikia mguuni. Mke wangu anasema nimeoa wawili. Sijawahi kubishana naye.

Hiyo ya kidijitali niliinunua kwa sababu ya mgongo. Hakuna sababu nyingine, na atakayekuambia alinunua kwa ajili ya sauti mia na zaidi zilizomo ndani anajidanganya. Nenda naye kwenye shoo uone, anatumia mbili. Ni nyepesi, unaitia kwenye begi, unapanda daladala unakaa kiti kama binadamu. Na hata ule ubishi wa mtandaoni, wa nani anaiga vizuri ngurumo ya valvu iliyozidiwa, kwetu unapita pembeni. Wanaobishana ni watu wa roki. Sisi wa dansi, wa sebene, wa kwaya, tunataka gitaa safi, kila noti isimame peke yake, solo na rizim zipishane bila kukanyagana. Aliyekulia kwenye mabishano ya bendi za Msondo na Sikinde anajua ninachosema: rizim ikivimba tu, solo imezama. Kwa kazi hiyo kampuni ya Roland ya Japani ilitoa amplifaya ya JC-120 mwaka 1975, haina valvu hata moja ndani, na mpaka leo wapiga gitaa wa sauti safi wanaiheshimu. Kwa hiyo imani kwamba bila valvu hakuna muziki mimi sikuwa nayo. Nilikwenda Kariakoo na moyo mweupe.

Moyo huo ndio dogo wa kaunta alioukanyaga.

Kesho yake, au keshokutwa yake, maana usingizi ulikuwa haunijii, niliibeba nikairudisha dukani. Duka silitaji. Dogo alikuwa anakula chipsi mayai juu ya kaunta ya kioo, kijiti mkono mmoja, simu mkono wa pili. Nikamsalimia. Kimya. Nikaiweka mashine mbele yake, akaisogeza kwa kiwiko isije ikagusa kachumbari.

"Inazima katikati ya muziki," nikamwambia.

"Risiti?"

"Hii hapa."

Risiti hakuisoma. Aliitazama mashine, akautazama waya wake, akacheka kwa puani. "Mzee, hii haitengenezwi. Hii ikifa unanunua nyingine." Akarudi kwenye simu.

Mzee! Nina miaka arobaini na mbili. Na hata ningekuwa na themanini, mzee huwa anasalimiwa kwanza. Lakini achana na hilo la mzee. Haitengenezwi? Kariakoo? Mtaa ambao simu iliyokanyagwa na gari inafufuliwa hujamaliza soda, leo nasimama katikati yake naambiwa kitu nilichokinunua kwa jasho la harusi ishirini hakitengenezwi? Na hakuichomeka hata kwenye umeme aone. Hata kuichomeka! Soketi iko hapo chini ya mkono wake, imechomekwa feni.

Nilitoka pale nimeapa. Kwenye grupu la bendi nikatuma sauti ya dakika saba: dijitali ni vimeo, ni vitu vya kuchezea, atakayeleta nyingine stejini asinisimamie karibu. Kiongozi wetu akajibu kwa kidole gumba tu.

Wiki iliyofuata nikaenda baa moja Sinza na ile ya valvu. Tuliipandisha watu wawili. Wimbo wa kwanza, wa pili, nikasema haya ndiyo maisha, mimi nilipotea njia. Wimbo wa tatu ikaanza kulia. Mluzi mwembamba, unapanda, unashuka, mpiga ngoma akigonga tu nao unaitika. Kiongozi alikuja na penseli yake ya kuandikia orodha ya nyimbo, akapenyeza mkono nyuma, akaigonga valvu ndogo ya mwanzo: ting! Ikasikika kwenye spika kama kengele ya shule. "Hii imechoka," akasema, "imegeuka maiki." Nikamaliza usiku nimepunguza sauti nusu, napiga kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Hiyo sauti ya dakika saba bado ilikuwa kwenye grupu. Nilijaribu kuifuta, muda wa kufuta umepita.

Ndipo nikazibeba zote mbili kwa fundi mmoja upande wa Gerezani, mtu mzima kweli, wa enzi za redio za valvu. Nikampa shikamoo yake, akanipa marahaba, akanisukumia stuli. Akaanza na ya valvu. Alichomoa umeme, akakaa. Nikamuuliza anangoja nini. "Ndani humu kuna volti zaidi ya mia nne zimelala kwenye kapasita," akasema. "Kuchomoa waya hakuziamshi wala hakuziondoi." Akachukua rezista, kidude cha kunyonya umeme, aliyoifunga kwenye kipini cha plastiki, akazimwaga moja moja, na muda wote huo mkono wake wa kushoto uko mfukoni, ili umeme ukimkamata usipite kifuani. Nilimtazama mkono ule nikamkumbuka dogo na kijiti chake cha chipsi.

Valvu mpya hakuwa nayo. Mjini hapa hazikai rafuni. Unaagiza, unasubiri mtu anayesafiri. Viwanda vyenyewe vilivyobaki duniani ni vya kuhesabu, Urusi, Slovakia, China, na mwaka 2022 Urusi iliposimamisha kwa muda kuziuza nje, bei ilipanda kila mahali. Fundi hakuhangaika. Zile ndogo ni tatu na zinafanana. Akaing'oa ile inayolia akaipeleka nafasi ya mwisho, ambako mlio wake haukuzwi sana, akaleta ya kule mwanzoni. Mluzi ukafa. Elfu tano.

Kisha akaivuta ya kidijitali, na hapa lazima nikiri jambo ambalo kwenye grupu sikulisema, na dukani sikulisema, na hapa juu nimelipita kimyakimya.

Adapta yake haikuwa ile iliyokuja nayo. Ile iliungua miezi kadhaa nyuma, ukumbi mmoja umeme ulipokatika na jenereta ikapokea kwa kishindo. Ya kiwandani ilikuwa ya kuagiza, bei imenikalia kooni, nikatafuta chaja ya kompyuta yenye volti zilezile 19, jamaa wa kibanda akakata kichwa cha adapta ya zamani akakiunga kwenye chaja, akazungushia tepu nyeusi. Niliokoa kama elfu sitini. Ile tepu ndiyo dogo aliyoiona akacheka.

Fundi akaleta mita ya sindano, ya zamani, kioo kimepasuka pembeni. Akapima: 19. "Nzuri," nikasema. Akanipa gitaa. "Piga." Nikapiga taratibu, sindano inacheza kidogo. "Piga kama harusini." Nikalipiga sebene kwa nguvu, na kwa macho yangu nikaiona sindano inateremka, 17, 15, 12, kataa kekundu kakapepesa, kimya. Kwenye chaja imeandikwa ampea 3.42, yaani kiasi cha mkondo inachodai inaweza kutoa. Fundi akaigeuza, akaisoma, akanirudishia. "Kuandika ni bure, mwanangu."

Kwa hiyo mashine haikuwa na kosa. Ilikuwa na njaa. Kadiri nilivyopiga kwa raha ndivyo ilivyokosa chakula, na ndiyo maana iliniangusha palepale mama alipokaribia: nilikuwa nimeshamwona na noti yake, nikaongeza mkono.

Mngetegemea nitulie hapo. Sikutulia. Nilimuuliza fundi, je, bodi yenyewe ingekufa, ungeitengeneza? Akatikisa kichwa. Vitu vya ndani ni vidogo kama chawa, mchoro hakuna, vingine namba zimefutwa kabisa juu. "Hiyo ikifa, nakuaga." Yaani dogo alisema kweli! Hilo liliniudhi kuliko uongo. Mtu mkorofi, hana salamu, hakuigusa mashine, na bado yuko sahihi kuhusu waya na yuko sahihi kuhusu bodi. Angenijibu tu, "kaka, hii adapta siyo yake, jaribu ya kwake," ningemnunulia chipsi nyingine.

Adapta ya kiwandani nimeagiza, imefika, na toka siku hiyo haijazima. Harusi nne, tano. Nyepesi, safi, fundi mitambo anaichukua kwa laini, yaani waya moja kwa moja hadi kwenye mitambo yake, hatugombani. Kijana mwenye harusi kila Jumamosi na asiye na gari, nunua ya kidijitali, na hela ya adapta ya pili ya kiwandani iweke pembeni siku hiyohiyo. Umeme ukicheza ukumbini, ya valvu inanywea sekunde moja inarudi kama haikutokea kitu, hii inaanza upya kutoka alifu. Na ile sauti ya trekta iondoe namba moja, weka safi. Mimi nimeiondoa.

Ingawa juzi usiku niliwasha ya valvu sebuleni, taa nimezima, nikapiga noti moja tu nikaiacha ife yenyewe. Nikafikiria kuiuza ya kidijitali. Asubuhi nikakumbuka ngazi za kumbi.

Mpiga kinanda nimemdai mara tatu. Anasema alitunzwa yeye.